Mpeni Ukurasa Mmoja: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA wa Mbeya na Iringa

Kwa: Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA katika halmashauri, hospitali, vyuo na kampuni za Mbeya na Iringa

Kutoka: Chimala, Wilaya ya Mbarali

YAH: VIJANA WA FILDI WANAOJIFUNZA KUTENGENEZA TOVUTI

Ndugu Wakuu,

Kila mwaka, mvua zinapoanza kukatika, barua za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo hurundikana mezani kwenu. Nyingi zina maneno yaleyale: mwombaji ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, anasoma sayansi ya kompyuta au TEHAMA, anaomba wiki nane za kujifunza kazini, na ataheshimu taratibu zote za ofisi. Nyuma yake imebanwa barua ya utambulisho ya chuo yenye muhuri. Ninyi huhesabu viti vilivyopo, mkajibu ndiyo au hapana. Julai vijana wanaripoti.

Barua hii inawahusu wale wanaokuja kwenu wakitaka kuwa watengeneza tovuti, na inaandikwa kutoka mahali ambapo wengi wao hutokea. Chimala ni mji wa barabarani. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita usiku na mchana kwenye barabara kuu ya TANZAM, reli ya TAZARA iko jirani, mashine za kukoboa mpunga wa bonde la Usangu zinanguruma, na upande wa kusini inaanza ile barabara ya kona 57 inayopanda kwenda Matamba na Kitulo. Mbeya mjini ni kilomita zipatazo 75. Kijana wa hapa aliyechagua kompyuta huenda Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986 na kupanda kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Wengine huelekea Iringa, kwenye Chuo Kikuu cha Iringa au Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Likizo ndefu ikikaribia, wote wako mbioni kutafuta ofisi itakayowapokea.

Tumchukue binti mmoja kuwa mfano wa wengi. Yuko mwaka wa tatu. Anajua HTML na CSS vizuri, JavaScript kiasi, na PHP ya kutosha kuunganisha fomu na kanzidata. Kompyuta yake mpakato ni ya mtumba, imenunuliwa na familia baada ya kuuza mpunga. Siku ya kwanza anapokelewa kwa ukarimu na kutambulishwa chumba hadi chumba. Siku ya pili printa ya masijala imekwama karatasi. Wiki ya kwanza inaishia kwenye kuweka Windows upya, kusafisha virusi kwenye flashi za watu na kubana nyaya za mtandao. Wiki ya pili kuna rundo la barua za kuchapa, na yeye ana vidole vyepesi. Wiki ya nne kuna semina, anawekwa mlangoni kuandikisha wahudhuriaji, kwa kuwa ni binti. Kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kinajaa vitenzi vya pembeni: nilisaidia, nilishiriki, nilitazama. Wiki ya nane anaagwa kwa soda. Fomu ya tathmini inasema ana nidhamu, anawahi kazini, ana ushirikiano mzuri.

Kwa wiki zote nane hakuandika hata mstari mmoja wa tovuti ambao mtu mwingine aliusoma.

Katika habari hii hakuna mtu mbaya. Printa kweli ilikwama, barua kweli zilitakiwa kuchapwa, na mkuu wa kitengo kweli alikuwa na mambo manane yanayomsubiri, maana vitengo vingi vya TEHAMA mikoani vina watu wawili au watatu wanaobeba ofisi nzima. Lakini hasara ni ya kweli pia, na haimwangukii binti peke yake.

Kinachomfanya mtu awe mtengeneza tovuti ni mzunguko mmoja unaorudiwa mara nyingi. Ameandika kitu, mwenye uzoefu amekisoma na kumwonyesha kasoro, amerekebisha, kimewekwa hewani, mtu asiyemjua amekitumia. Chuo kinampa hatua ya kwanza. Mhadhiri mwenye ukumbi uliojaa wanafunzi hawezi kusoma mistari ya kila mmoja wao. Intaneti nayo inampa masomo ya bure yasiyo na mwisho, ila haimpi mtu wa kukaa naye na kumwambia kwamba fomu aliyoitengeneza inamruhusu mgeni yeyote kufuta jedwali zima la malipo. Hatua nne zinazofuata ziko mikononi mwenu, na hazipatikani penginepo kwa urahisi.

Basi ombi lenyewe ni hili: kila kijana wa fildi anayejifunza tovuti apewe ukurasa mmoja wa kweli katika tovuti yenu, apewe msimamizi mmoja anayejua kusoma msimbo, na ukurasa huo uwe hewani kabla hajaondoka.

Kazi ya kumpa ipo. Machi 2017 Serikali ilizindua kwa mkupuo tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185, zilizojengwa kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID. Miaka miwili baadaye Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikaunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, isimamie viwango. Leo kila halmashauri ina anwani yake inayoishia na .go.tz, na humo ndimo mwananchi anatarajia kukuta zabuni, nafasi za kazi, ratiba, fomu na namba za simu za ofisi. Ongezeni tovuti za hospitali, za vyuo, za vyama vya ushirika, za nyumba za wageni zinazopokea wanaopanda kwenda kuona maua ya Kitulo. Hakuna tovuti inayokamilika siku ya uzinduzi. Ofisa anahamishwa na namba yake inabaki. Kiungo kinakatika. Tangazo linawekwa kama karatasi iliyopigwa picha kwa mshazari, kisha mtu mwenye uoni hafifu anayetumia programu ya kusomewa maandishi haambulii hata neno moja.

Mfano mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa unahusu eneo letu moja kwa moja: uzito wa ukurasa. Simu ya kawaida ya siku hizi hupiga picha ya megapikseli 12, na faili lake mara nyingi huwa na megabaiti tatu hadi tano. Ofisa habari akirudi kutoka kwenye ziara ya skimu ya umwagiliaji, anapakia picha kumi kama zilivyotoka kwenye simu. Ukurasa huo sasa una megabaiti 30 hadi 50. Ofisini, kwenye intaneti ya mkongo, unafunguka bila mtu kushtuka. Mkulima wa Ubaruku anaufungua kwa simu, kwa bando la siku alilonunua asubuhi, kwenye mawimbi yanayokuja na kupotea. Anaona kichwa cha habari, anaona robo ya picha ya kwanza ikishuka taratibu, anafunga. Alichokuwa akitafuta ni tangazo la mbolea ya ruzuku, lililo chini ya picha ya kumi.

Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kubanwa kiasi, hushuka hadi kilobaiti 150 au 200, na kwenye kioo cha simu jicho haligundui tofauti. Picha zote kumi zinakuwa megabaiti mbili. Programu fupi ya kufanya hivyo kwa kila picha inayopakiwa iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, akiwa na mtu wa kumwelekeza. Na pale ambapo mfumo wa tovuti unaendeshwa kutoka Dodoma na hauruhusu kuguswa, bado anaweza kutengeneza programu ya pembeni ambayo ofisa habari atapitishia picha zake kabla ya kuzipakia.

Kazi hiyo ni ndogo, lakini hesabuni kilichomo. Atajifunza seva inavyopokea faili. Atajifunza kukataa faili linalojifanya picha kumbe ni programu, mlango ambao wadukuzi wanaupenda mno. Atapima muda wa ukurasa kufunguka kabla na baada. Atamwandikia ofisa habari maelezo ya kutumia, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na zaidi ya yote, kwa mara ya kwanza atakuwa ametengeneza kitu akimfikiria msomaji mwenye simu ya bei nafuu, wakati mazoezi ya darasani humfundisha kumfikiria mkaguzi mwenye kalamu nyekundu. Mwandishi wa barua hii haoni somo kubwa kuliko hilo kwa mtengeneza tovuti wa Nyanda za Juu Kusini.

Atakayesema kwamba kazi ya kweli haiwezi kuachiwa wanafunzi atazame Dar es Salaam. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata hiyo, vichochoro vyake, visima, vyoo na mifereji, wakaiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuliwa kuwa Ramani Huria, ikiwakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam, kwa lengo la kuzichora kata zinazokumbwa na mafuriko. Wanafunzi kwa mamia walipita humo, wengi wakiwa katika kipindi chao cha mafunzo kwa vitendo. Walitembea mitaani na vifaa vya GPS, wakawauliza wazee maji hufika wapi mvua ikizidi, jioni wakarudi kwenye kompyuta kuingiza walichokusanya. Ramani ile iko hewani hadi leo.

Tazameni pia namna kazi ile inavyolindwa. Kila kitu kinachoongezwa kwenye OpenStreetMap hubaki na jina la akaunti iliyokiongeza, tarehe na saa. Kosa likigundulika linasahihishwa au linarudishwa lilivyokuwa, na historia yote inabaki mahali pake. Mwanafunzi anaweza kukosea bila kubomoa. Na miaka kumi baadaye, akiomba kazi, anaweza kufungua ramani mbele ya mwajiri na kuonyesha mtaa aliouchora yeye.

Watengeneza tovuti nao wana chombo cha namna hiyo tangu mwaka 2005, alipokitunga Linus Torvalds wa Finland. Kinaitwa Git, ni cha bure, na hakihitaji hata intaneti kukitumia ndani ya ofisi. Kila badiliko huhifadhiwa na jina la aliyelifanya na sababu yake. Msimamizi husoma mstari kwa mstari, anaandika pembeni maoni yake, anakubali au anarudisha. Ofisi ambayo inakitumia imekwisha kupata nusu ya mafunzo ya kijana bila kuongeza mtumishi hata mmoja, kwa kuwa kusoma badiliko la mistari ishirini ni shughuli ya dakika chache kabla ya chai ya saa nne.

Hofu yenu kuhusu kuwaachia vijana tovuti ina msingi, na si haki kuipuuza. Katika ofisi nyingi mabadiliko hufanyika moja kwa moja kwenye seva, faili likiwa hewani, kwa nywila moja inayojulikana na watu wanne. Nukta-mkato moja ikikosekana kwenye faili la PHP, ukurasa mzima unaweza kugeuka mweupe, simu ya mkurugenzi ikaanza kuita. Kwa utaratibu huo hata mtaalamu wa miaka kumi ni hatari. Dawa ni nakala ya majaribio: tovuti ileile, kwenye kompyuta moja ya ofisini au kwenye anwani iliyofichwa, ambako kijana anavunja na kuunga, na hakuna kinachovuka kwenda hewani kabla msimamizi hajakiona. Kuiandaa ni kazi ya siku moja au mbili. Ikishaandaliwa, inawafaa ninyi wenyewe mwaka mzima.

Kuna eneo moja ambalo barua hii inawaombeni muwe wakali zaidi ya sasa. Kijana asipewe taarifa halisi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inambana kila anayekusanya na kutunza taarifa hizo, na hospitali ndiyo inayobeba mzigo mzito zaidi: majina, umri, majibu ya maabara. Mwanafunzi anayejaribu ukurasa wa kupanga miadi ya kliniki hahitaji mgonjwa wa kweli. Atengeneze wagonjwa wa kubuni mia mbili, wenye majina marefu na mafupi, wengine wasio na namba ya simu, wengine waliozaliwa tarehe 29 Februari. Kwa kuwatengeneza tu atagundua makosa ambayo asingeyaona kwenye orodha halisi. Sheria ikitumiwa hivyo inakuwa sehemu ya somo. Ikitumiwa kuwa sababu ya kumrudisha kwenye printa, haijamlinda mtu yeyote.

Nyanda za Juu Kusini ziliwahi kuona mafunzo ya kazini ya kiwango kikubwa, na ushahidi wake unapita hapa Chimala kwenye mataruma. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa kwa Tanzania na Zambia Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Maelfu ya vijana wa nchi hizi mbili walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Wengi walitoka vijijini bila cheti cha ufundi wowote, na lugha ya kuelewana ilikuwa haba. Walifundishwa kwa vikundi vidogo: fundi anafanya, kijana anatazama, kijana anafanya, fundi anatazama. Vijana wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli, lakini umati mkubwa ulijifunzia palepale kwenye tuta. Jambo la kulishika katika historia hiyo ni kwamba reli waliyojifunzia ndiyo iliyopaswa kubeba treni. Hapakuwa na reli ya mazoezi.

Vyuo vina sehemu yake katika kasoro hii, na ni vyema viisome barua hii pia. Mwanafunzi anadaiwa alete mradi mkubwa, kwa kawaida mfumo wa kusimamia kitu fulani: maktaba, hosteli, ghala, duka la dawa. Anaujenga peke yake usiku, anauonyesha mbele ya jopo, anapata alama. Mfumo huo unaishi kwenye kompyuta yake tu, na siku kompyuta ikifa nao unakufa. Ghala lenyewe halikuwahi kuuona. Msimamizi wa chuo anapokuja kumtembelea ofisini, hukagua kitabu cha kumbukumbu, husaini na kuondoka kuwahi ofisi nyingine, kwa sababu ana vijana wengi na posho ya safari ni ya siku chache. Kama chuo kingekubali kurasa tatu zilizo hewani kuwa sawa na mfumo mmoja usio na mtumiaji, kijana angejua mapema nini cha kuomba anapofika kwenu.

Kisha kuna fedha, ambayo watu huizungumzia kwa sauti ya chini. Mwanafunzi mnufaika wa Bodi ya Mikopo amekuwa akipewa Sh10,000 kwa siku ya mafunzo kwa vitendo, kwa siku zisizozidi 56 kwa mwaka. Hiyo ni Sh560,000 kwa kila kitu: chumba cha Uyole au Soweto mjini Mbeya, nauli za daladala na bajaji, chakula, na bando. Asiye na mkopo hana hata hiyo. Miongozo ya kitaifa ya uanagenzi na ya uzoefu kazini iliyotolewa mwaka 2017 na Ofisi ya Waziri Mkuu ilileta utaratibu mzuri, lakini ule wa uzoefu kazini unawalenga wahitimu. Aliye bado chuoni anategemea huruma ya ofisi iliyompokea. Matokeo yake yanaonekana hapa Chimala kila Julai. Kijana mwenye ndugu Mbeya mjini anakwenda kwenye ofisi anayoitaka. Asiye na ndugu anachukua nafasi yoyote iliyo karibu na nyumbani, hata kama ofisi hiyo haina tovuti.

Kenya walitafuta njia yao. Mwajiri hulipa tozo ya Sh50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na anayefundisha anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama zake. Mamlaka hiyohiyo ndiyo inayoratibu wanafunzi wanaokwenda viwandani na maofisini. Hapa kwetu mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Kama sehemu yake ingemrudia mwajiri anayempokea kijana na kumfundisha kwa dhati, kampuni ndogo za tovuti za Mwanjelwa jijini Mbeya na za Iringa mjini zingekuwa za kwanza kufungua milango. Hilo liko juu ya mamlaka yenu, Ndugu Wakuu. Lakini intaneti ya ofisi kwa kazi ya ofisi, ili kijana asimalize bando lake kwa kupakua vifaa vya kazi yenu, na sahani ya wali mchana, hayo yako ndani ya uwezo wa ofisi nyingi, na kwa aliyetoka mbali yanaamua kama atamaliza wiki nane au ataishia ya tano.

Dunia ya programu huria imeonyesha kwamba mafunzo haya yanaweza kufanyika hata bila ofisi. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianzisha programu yake ya kiangazi kwa wanafunzi wapatao 400, kila mmoja akiwa na mlezi anayejulikana kwa jina na kazi inayosomwa hadharani. Programu ya Outreachy, iliyokua kutoka mpango wa mwaka 2010 wa kuwavuta wanawake kwenye programu huria, huwalipa washiriki wake dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu, popote walipo duniani. Kijana wa Chimala mwenye kompyuta na intaneti anaruhusiwa kuomba. Kinachomkwamisha ni kwamba kabla ya kuchaguliwa mwombaji anatakiwa atoe mchango wa kweli, ukasomwa na kurekebishwa. Akifika hapo anafungua kitabu chake cha fildi na kukuta: nilisaidia, nilishiriki, nilitazama.

Ndiyo maana barua mnazowapa mwishoni zina uzito kuliko mnavyodhani. Barua inayosema kijana alikuwa na nidhamu inamfaa kila mtu, hivyo haimsaidii yeyote. Andikeni alichofanya. Andikeni kwamba kati ya Julai na Septemba alitengeneza ukurasa wa matangazo ya zabuni, kwamba uko kwenye anwani fulani, kwamba alipunguza uzito wake kutoka kiasi hiki hadi kile, na kwamba msimamizi wake ni fulani anayeweza kuulizwa. Mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi ataifungua anwani hiyo kwa simu yake kabla hajamaliza kusoma barua.

Kwa Mbarali pekee kazi za miaka mitatu ziko wazi. Ukurasa wa bei za mpunga na mchele katika masoko ya Chimala, Igurusi na Ubaruku, unaobadilishwa kila wiki na kusomeka kwenye simu ndogo. Ukurasa wa anayetaka kupanda kona 57: hali ya barabara wakati wa mvua, gari la kufaa, namba za wenyeji wanaoongoza wageni. Fomu ya kituo cha afya ya kuuliza siku za kliniki ya watoto bila kusafiri kutoka kijijini. Orodha ya skimu za umwagiliaji na viongozi wake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji fedha za mfadhili, na kila moja inatosha kumshughulisha kijana mmoja kwa wiki nane, akivunja na kuunga kwenye nakala ya majaribio mpaka iive.

Barua za mwaka ujao zitakapofika mezani kwenu, jibuni kama kawaida: tarehe ya kuripoti, saa za kazi, mavazi ya ofisini. Kisha ongezeni mistari miwili: jina la msimamizi atakayesoma msimbo wake, na jina la ukurasa anaokuja kuutengeneza.

Wenu katika kazi,

Mwandishi, Chimala, Mbarali